Maswali ya wazazi: Nepi za kitambaa, maji ya mgao na baridi ya Julai

SWALI: Mtoto wangu ana wiki tatu. Mama mkwe ameniletea nepi 12 za taulo na pini zake. Ninakaa ghorofa ya tatu, na maji kwetu hufunguliwa siku mbili tu kwa wiki. Je, nitaziweza hizi nepi, au ninajitafutia kazi? Zinatosha? – Mama Mchanga, Umoja

JIBU: Hongera, mama. Utaziweza, lakini 12 hazitoshi. Mtoto wa wiki tatu hubadilishwa mara 10 hadi 12 kwa siku. Ukifua kila baada ya siku mbili, unahitaji kama 24, na nyingine sita za akiba kwa sababu zile za jana bado ziko kambani. Ongeza 18 za flaneli na kava nne au tano zisizopitisha maji, zile za kuvalisha juu ya nepi. Kava haibadilishwi kila mara: ikiwa ina mkojo tu, ipanguse kwa kitambaa kibichi, iache ipigwe na upepo, kisha uirudishe. Usinunue zaidi ya hapo, maana mtoto akifikisha miezi minne hivi atashuka hadi nepi sita au nane kwa siku.

Nepi mpya za pamba hazifyonzi vizuri siku ya kwanza. Pamba huja na mafuta yake ya asili, kwa hiyo zifue kwa maji moto mara nne au tano kabla ya kuzitegemea. Watu wengi hufua mara moja, mkojo unapita, halafu lawama zinaangukia nepi.

Kuhusu maji, nepi 12 zinafulika kwa mitungi miwili ya lita 20 ukipanga hivi. Choo cha mtoto kipeleke chooni mara tu unapomvua. Anayenyonya tu, choo chake huyeyuka majini. Akianza uji na viazi utakuwa unakikwangua. Nepi yenyewe iweke kavu kwenye ndoo, mfuniko ukiwa umeegeshwa tu ili hewa ipite, na isizidi siku mbili. Usiache ndoo ya maji ya kulowekea ndani ya nyumba yenye mtoto anayetambaa au kutembea. Maji ya kina cha kiganja yanatosha kumzamisha.

Siku ya kufua, anza na lita 10 za maji baridi. Maji moto mwanzoni hugandisha doa la choo. Kamua, kisha lita 10 za maji moto na vijiko viwili vya mezani vya sabuni ya unga, vilivyosawazishwa. Fikicha sehemu ya katikati, ndiyo inayobeba mkojo. Lita 20 zilizobaki ni za kusuuza mara mbili. Maji ya suuzo la mwisho yawekee mfuniko yawe maji ya kwanza ya kesho kutwa, na yale ya sabuni yamwage chooni.

Kumfunga: kunja nepi katikati mara mbili iwe mraba mdogo wa tabaka nne. Shika pembe ya tabaka la juu, uivute pembeni mpaka ipatikane pembetatu. Pindua yote. Ule mraba uliobaki ukunje mara mbili kuelekea katikati. Huo ndio mto wa kufyonza. Mlaze mtoto, pandisha mto katikati ya mapaja, leta mabawa mawili tumboni. Unapopitisha pini, vidole vyako viwe kati ya nepi na ngozi ya mtoto, na pini iingie kwa ubavu, si kwa kuelekea tumboni. Ikikwama, ichomeke kwanza kwenye kipande cha sabuni, itateleza.

SWALI: Mtoto ana miezi mitano, anavaa nepi zenye mfuko na pedi za maikrofaiba. Akikojoa tu, harufu inanichoma macho, na makalio yamekuwa mekundu. Mama fua ameongeza sabuni na kutia Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), lakini hali inazidi. – Msomaji, Kasarani

JIBU: Hapo sabuni imezidi, wala haijapungua. Inabaki ndani ya nyuzi, inashika mabaki ya mkojo, na bakteria wanayageuza kuwa amonia. Fanya jaribio hili: chukua pedi iliyo safi na kavu, itie kwenye maji ya vuguvugu yasiyo na sabuni, uikamue. Ukiona povu, umepata jibu.

Dawa yake ni maji moto matupu, ya nyuzi kama 60. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo ukichanganya nusu ya maji yanayochemka na nusu ya maji ya mfereji unakaribia hapo hapo. Loweka pedi peke yake, kamua, mwaga, rudia mpaka povu liishe. Huenda ikachukua raundi nne. Kava usiichemshe, maana utando wake hubanduka na lastiki hulegea. Maji ya vuguvugu yanaitosha.

Mwambie mama fua aache kabisa kumwaga Jik juu ya nepi zenye mkojo. Klorini ikikutana na amonia hutoa hewa yenye sumu, na mara nyingi anafulia kwenye bafu dogo lisilo na dirisha. Aache pia sabuni ya kulainisha nguo. Inapaka nyuzi mafuta na maji yanateleza juu. Mafuta ya mgando hufanya vivyo hivyo, basi ukimpaka mtoto weka kipande cha flisi kati ya ngozi na nepi. Na maikrofaiba isiguse ngozi moja kwa moja, inaikausha. Ikae ndani ya mfuko.

Mbadilishe kila baada ya saa mbili au tatu. Wekundu ukiingia kwenye mikunjo ya mapaja na kuzungukwa na vipele vidogo, au usipopungua kwa siku tatu, mpeleke kliniki. Huenda ni fangasi, na fangasi ina dawa yake.

SWALI: Baridi ya Julai nepi hazikauki. Naweza kuzianika juu ya jiko la makaa? – Baba wa Mapacha, Githurai

JIBU: Hapana, baba. Jiko la makaa ndani ya chumba hutoa moshi usioonekana unaoua, na kava itayeyuka. Kinachokuchelewesha ni unene. Pedi iliyoshonwa tabaka tano hukaa siku mbili kambani. Nepi ya mraba ikikunjuliwa ni tabaka moja tu, hukauka siku hiyo hiyo hata kukiwa na mawingu, mradi upepo upo. Kuanzia Juni hadi Agosti tumia za mraba mchana, zile nene ziwe za usiku. Kabla ya kuanika, zungushia nepi taulo kavu, ikanyage kwa mguu, uone maji yatakayotoka. Ibane kwa ukingo mmoja. Ukiitundika kwa kuikunja katikati juu ya kamba, hewa haipiti.

SWALI: Nepi za mtumba za Gikomba ni salama? – Mjamzito, Buruburu

JIBU: Ni salama ukizikagua na kuzifua kwa maji moto. Vuta lastiki ya paja. Isiporudi, achana nayo. Geuza kava, iinue kwenye mwanga: utando ukiwa na mapovu au umejitenga na kitambaa, itavuja. Vifungo vibane na kubandua mara kadhaa papo hapo, kabla hujaanza kubishana bei.