Jibu: Kugombea urais wa wanafunzi SUZA bila pesa

Waalaykum salaam mdogo wangu. Umeuliza kama utaweza kugombea urais wa serikali ya wanafunzi SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilhali huna pesa na wanaokujua ni watu wa kampasi ya Tunguu tu. Pesa isikushughulishe sana, bango lenyewe mvua moja tu limechanika. Kazi iko kwenye hilo la pili.

SUZA si Tunguu peke yake. Kuna Nkrumah kule Beit el Ras, Mbweni kwa watu wa afya, Maruhubi kwa watu wa utalii, na Pemba. Kila pahala pana kilio chake. Mtu wa Mbweni asubuhi huenda yuko wodini, ukimfuata saa nne humpati. Nenda jioni, kaa nao, uliza zaidi kuliko unavyoahidi. Pemba usiitumie salamu za WhatsApp tu, nao watakuchukulia kijuujuu hivyo hivyo. Tafuta mgombea mwenza wa kule, au angalau wakala anayejulikana.

Kabla ya kuchukua fomu soma katiba ya jumuiya yenu, hasa sifa za mgombea. Wapo wanaoenguliwa hapo hata kampeni hawajaanza.

Na usiahidi bumu, yaani pesa za mkopo za kujikimu, kuingia mapema! Fedha inatoka Bodi ya Mikopo; rais wa wanafunzi anachoweza ni kufuatilia majina yaliyokwama na kuwasukuma wahusika. Sema hivyo hivyo kwenye mdahalo, na siku hiyo usivae kijani wala zambarau, watu wasije wakadhani umetumwa na CCM au ACT-Wazalendo.

Sera ukishaiandika iweke hapa tuipitie.