Kabla hujabandika gia: ushauri kwa anayeanza stimupanki

Wengi wetu tunaingia kwenye stimupanki kwa kupenda picha: kofia ndefu, miwani mikubwa ya fundi, kizibao chenye mnyororo wa saa, shaba inayong'aa kila upande. Nami niliingia kwa mlango huohuo, na sura yake bado inanivutia. Ila kilichonibakiza ni kazi ya mikono, na ushauri wangu wa kwanza unatoka hapo: kabla hujabandika gia juu ya kitu, jiulize gia hiyo inazungusha nini.

Mtindo huu unauliza dunia ingekuwaje kama mvuke na shaba vingeendelea kushika usukani. Jina lake lilitolewa mwaka 1987 na mwandishi Mmarekani K. W. Jeter, kwenye barua aliyoliandikia Locus, jarida la hadithi za kubuni za kisayansi, akitafuta namna ya kuziita hadithi za njozi zinazotokea enzi za Malkia Victoria wa Uingereza, karne ya 19. Hadithi zilitangulia, mavazi na vifaa vikafuata. Kufikia mwaka 2009, jumba la makumbusho ya historia ya sayansi mjini Oxford lilikuwa likionyesha kazi za mafundi wa stimupanki chini ya paa moja na vyombo halisi vya kale.

Vyombo hivyo halisi ndivyo vya kuanza navyo. Chukua kidhibiti mwendo alichokitumia fundi Mskoti James Watt kwenye injini zake za mvuke kuanzia mwaka 1788. Ni mipira miwili mizito iliyoning'inizwa kwenye mikono, na mikono imeshikizwa kwenye mhimili unaozunguka. Injini ikizidisha kasi, mipira inatawanyika na kupanda juu. Ikipanda inavuta wenzo, wenzo unabana vali, mvuke unapungua na injini inatulia. Mtu aliyeelewa hilo hawezi tena kuweka mipira ya shaba begani kama pambo tu. Ataiweka penye mhimili, na mtazamaji atahisi kuna kitu kinadhibitiwa hata kama hakijui jina. Na usidhani kila kitu ni njozi. Septemba 1852, Mfaransa Henri Giffard aliruka kutoka Paris hadi karibu na Trappes, yapata kilomita 27, kwa puto refu lililosukumwa na injini ya mvuke yenye nguvu za farasi 3. Kwa hiyo ukivaa kama rubani wa meli ya angani, unavaa kazi iliyopata kuwepo.

Ukishajua kifaa chako kinafanya nini, ndipo utafute vifaa. Usinunue mifuko ya gia ndogo za mapambo zinazouzwa tayari. Nyingi meno yake hayawezi hata kuumana. Saa mbovu, viungio vya mabomba, bawaba za milango, taa za zamani na mashine za kuandikia zilizokufa zitakupa vipande vyenye historia na uzito. Tembea na sumaku mfukoni. Shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, hainaswi na sumaku. Ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa. Kisiponasa, kwaruza kidogo kwa tupa mahali pasipoonekana. Ukikuta weupe chini yake, si shaba.

Hapa kuna onyo ambalo nalichukulia kwa uzito mkubwa. Saa na geji (vipimo vyenye mshale) za zamani, hasa za miongo ya mwanzo ya karne ya 20 hadi miaka ya 1960, nyingine zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yenye mionzi hatari, ili tarakimu zing'ae gizani. Rangi ikiacha kung'aa haina maana kwamba radiamu imekwisha. Huchukua miaka 1,600 kupungua kwa nusu tu. Saa ya aina hiyo usiifungue, usiikwaruze, usiipige msasa.

Baada ya hapo, kuzeesha shaba ni raha tupu. Kwanza ondoa vanishi kwa asetoni, maana vitu vingi vya dukani vimefunikwa na haviwezi kubadilika rangi. Kwa shaba nyekundu mimi hutumia ndoo ya plastiki yenye mfuniko: namimina amonia kidogo chini, naloweshea kipande maji, nakinyunyizia chumvi na kukining'iniza juu bila kugusa amonia. Nafunika. Baada ya saa kadhaa bluu inaanza kuota pale chumvi ilipolala, kwa madoa yasiyolingana, na hakuna brashi inayoweza kuiga kutolingana huko. Fanya kazi hii nje, vaa glavu, amonia usiikaribishe kabisa kwa dawa ya klorini, na ndoo hiyo isirudi jikoni. Kipande kikikauka kipake vanishi isiyong'aa, kwa kuwa unga ule wa bluu ni sumu na hupukutika.

Kwa ngozi, anza na kikingio cha mkono. Ni kidogo, kinaonekana, na kinafundisha karibu kila kitu. Tafuta ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti, unene wa milimita 3 hivi. Idondoshee maji: ikinywa na kuwa nyeusi, itakubali kugongwa nakshi na kukunjwa ikiwa na unyevu. Ile iliyolainishwa kwa kemikali ya kromi haitashika nakshi. Toboa matundu kwa msharasi kila baada ya milimita 4, kisha shona kwa uzi mmoja wenye sindano mbili, kila tundu likipitiwa na sindano zote, moja kutoka kila upande. Kata uzi wenye urefu mara nne ya mshono. Huu ndio mshono wa watengeneza matandiko ya farasi, na uzuri wake ni kwamba uzi ukikatika mahali pamoja, mishono mingine inabaki imeshika. Cherehani haikupi hilo.

Kuhusu nguo sina mengi. Amua wewe ni nani, fundi, daktari, mchora ramani, na nguo zitajipanga zenyewe. Hakuna kinachokulazimisha uvae kama Mwingereza wa karne ya 19. Kizibao kilichokatwa kwa kitambaa cha kwenu kitapendeza kuliko cha kukodi. Koseti, yaani vazi la kubana kiuno, ivaliwe juu ya shati, isibane pumzi.

Uzito ndio unaowashinda wengi. Shaba halisi iache kwenye sehemu ndogo zinazoguswa. Bomba kubwa la mgongoni litengeneze kwa plastiki, lipake rangi nyeusi, likikauka lipitishie rangi ya shaba kwa brashi karibu kavu. Vaa kila kitu, panda ngazi, keti, inama. Mkanda ukikukata bega, hamishia mzigo kiunoni. Na ukikutana na mafundi wengine kwenye matamasha, kama lile la Lincoln nchini Uingereza, omba uone upande wa ndani wa kazi zao, ribiti (misumari ya kuunganishia vipande) zilipofungiwa na mishono ilipoishia. Wengi watakivua kifaa wakupe ukishike.