Kizibo cha plastiki kwenye chupa ya waini kinagoma kutoka, nifanyeje?

SWALI: Habari kaka, mimi ni mhudumu wa hoteli huku Arusha. Kuna waini nyeupe ya Afrika Kusini inauzika sana, ila kizibo chake ni cha plastiki, sio kile cha gome la mti. Opena yetu ni ile ya mabawa mawili. Nikizungusha inaingia kwa tabu, nikivuta kizibo hakitoki au skrubu inachomoka yenyewe inaacha tundu, na mgeni ananiangalia. Mwenzangu huwa anapasha shingo ya chupa moto kwa kiberiti cha gesi. Ni sawa?

JIBU: Nzuri dada. Kwanza mwambie mwenzako aache hicho kiberiti leo hii. Chupa imetoka kwenye friji, ukiipiga moto sehemu moja inaweza kupasukia mkononi, halafu plastiki ikipata joto inatanuka kuliko kioo kwa hiyo ndo inazidi kubana. Kugonga kitako cha chupa ukutani pia msijaribu.

Sasa opena, maana mchawi wako yuko hapo wala sio nguvu za mikono. Iangalie skrubu yake vizuri. Opena nyingi za mabawa zina skrubu nene, katikati ina nguzo ya chuma kama keekee ya fundi seremala. Gome la asili linaivumilia kiasi kwa sababu limejaa vijichumba vya hewa, ukilibana linasinyaa lenyewe bila kuvimba pembeni, ndo maana kizibo cha milimita 24 kinakaa kwenye shingo ya milimita 18 na kitu na bado kinatoka. Plastiki, hasa ile ngumu ya kumiminwa kipande kimoja, haina hiyo tabia. Chuma nene kikiingia katikati kinaisukuma plastiki pembeni, inakandamiza kioo, yaani kadiri unavyozungusha ndo unazidi kukaza! Na ukivuta, ile nguzo inakwangua njia yake inatoka peke yake, ndo hilo tundu unaloliona. (Vipo vya plastiki vyenye sponji ndani na ngozi laini nje, hivyo vinatoka kwa amani zaidi.)

Mwombe meneja anunue opena ya kukunja, ile ya mfukoni yenye kikisu na leva ya hatua mbili, yaani kimkono cha kuegemeza kwenye mdomo wa chupa chenye ngazi mbili za kuinulia. Skrubu yake iwe waya mwembamba uliojisokota, katikati wazi, kiasi kwamba njiti ya kiberiti inapita ndani ya msokoto. Ikikosa hiyo sifa msiinunue hata kama ni bei chee.

Ukishaipata, chupa ikitoka friji iache mezani dakika chache wakati unapanga glasi, maana baridi inaifanya plastiki iwe ngumu zaidi. Chomeka ncha katikati kabisa, zungusha ikiwa wima mpaka msokoto wote uzame. Kwenye gome tunaogopa kutoboa mpaka chini kwa sababu ya vumbi kuangukia kwenye waini, plastiki haimomonyoki hivyo usiogope. Weka hatua ya kwanza ya leva, inua taratibu bila kushtua, hamia ya pili, kipande cha mwisho kimalizie kwa mkono ukiwa na kitambaa. Chupa ikae mezani muda wote, mambo ya kuibana magotini mbele ya mgeni hapana.

Kama tundu limeshachimbika, ingia upya pembeni ya tundu kwa kuinamisha skrubu kidogo ili ing'ate plastiki ambayo haijachanika. Ile opena ya visu viwili vya kupenyeza pembeni usiitumie kwa hizi, mara nyingi inakidumbukiza kizibo ndani.

Kukitoa kwenye opena, kishike kwa kitambaa uzungushe opena kinyume, usikichokonoe kwa kisu. Na mgeni akibakiza nusu chupa usihangaike kukirudisha kilekile, kikishatanuka hakiingii tena, wekeni vizibo vya mpira vichache hapo kaunta.