Shangazi Nijibu: Nimelishwa limbwata au ni bomba la maji?

Shikamoo shangazi. Mimi binti wa miaka 27 naishi Mbagala, nyumba ya kupanga vyumba nane, bomba moja, choo uani. Kuna kaka mmoja chumba chake ndo kinatazamana na bomba. Nilivyohamia mwaka jana wala sikumuona kama mtu wa kumuangalia mara mbili, kafupi, jezi ile ile kila siku, sio chaguo langu kabisa. Sasa shangazi sijui imekuwaje, siku hizi asipokuwepo pale mlangoni siku yote inakuwa chungu, nikisikia malapa yake moyo paa! Hajawahi kunitongoza hata siku moja. Rafiki yangu anasema nimelishwa limbwata maana Idd nilikula pilau kwake. Niende kwa mtaalamu au?
*Binti wa Mbagala*

Marahaba mwanangu. Hiyo hela ya mtaalamu kanunulie ndoo ya pili. Mtu akulishe dawa halafu akae kimya mwaka mzima anasubiri nini sasa? Na limbwata zamani tulisikia wanawake ndo wanawapikia waume zao, leo wanaume nao wameingia jikoni, haya.

Mimi nina swali moja tu, ndoo yako inajaa kwa dakika ngapi? Maana kwa presha ya maji ninayoijua mimi, ndoo ya lita 20 ni dakika 10 umesimama pale huna pa kuangalia zaidi ya mlango wake. Asubuhi ndoo, jioni ndoo, piga hesabu ya mwezi ni masaa 10 hayo. Kuna watu wana pete ya uchumba na hawaonani masaa 10 kwa mwezi.

Hili jambo lina wataalamu wake, sio hao wa vibuyu. Kule Marekani baada ya vita ya pili, chuo cha MIT kilikuwa na nyumba za wanafunzi walioleta wake zao, basi Leon Festinger na wenzake wawili wakaenda kuwauliza watu, nyie mnaonana sana na nani humu? Kitabu chao kikatoka 1950. Watu wale hawakuchagua jirani, nyumba ilikuwa ikipatikana unapewa, lakini wa mlango wa pili walitajana kama asilimia 41 na wale wa mwisho kabisa wa korido ileile asilimia 10 tu. Na usifikiri ni korido ya kupanda bodaboda, hata mita 30 haifiki! Kilichonifurahisha mimi zaidi ni wale wa chini waliokaa karibu na ngazi na masanduku ya barua, hao walikuwa na marafiki wa ghorofa ya juu kuliko wenzao wote wa chini. Sio kwamba walikuwa wachangamfu zaidi, ni vile kila anayeshuka kuchukua barua yake lazima apite mlangoni kwao. Umeshaelewa naelekea wapi, huyo kaka wa jezi kapewa chumba cha masanduku ya barua bila kujua, na kodi analipa sawa na nyie.

Na hata maneno si lazima. 1992 watafiti wa chuo cha Pittsburgh walichukua wadada wanne wanaofanana fanana kwa mwonekano, mmoja akaingia darasani mara 15, mwingine 10, mwingine 5, wa nne hakuingia kabisa, wanakaa mbele wanasikiliza, hawaongei na mtu, wanaondoka. Mwisho wa muhula wanafunzi wakaonyeshwa picha zao. Aliyependwa zaidi ni yule wa mara 15, na wengi hata hawakuweza kusema wamemuona wapi. Jicho likishazoea kitu na kitu hakijaliuma, linaanza kukiona kizuri, ndo hivyo tu.

Hapo kwenye hakijaliuma usipaparuke. Wewe mwanzo hukumchukia, ulikuwa tu humuoni. Ungekuwa umemchukia, kila ndoo ingeongeza chuki. Kuna utafiti mwingine ulifanyika California, 1976, kwenye makazi ya nyumba zilizobanana, wakakuta marafiki wako jirani kweli, lakini watu tunaowachukia wako jirani zaidi! Nani asiyejua hilo kapanga uswahilini? Hebu niambie huyo wa LUKU hapo kwenu, maana kila nyumba anaye, yule anayepika maharage kwa jiko la umeme halafu mchango hatoi, huyo mbona hajakuingia moyoni na mnaonana kila siku vilevile?

Mimi mwenyewe marehemu mume wangu nilimpata hivyohivyo, Magomeni, mita ya umeme ya nyumba nzima ilikuwa ukutani ndani ya chumba chake, umeme ukizima lazima ukamgongee. Nilimgongea sana, mara nyingine umeme wenyewe haujazima.

Kwa hiyo hujarogwa, lakini usije ukanielewa vibaya ukafikiri nasema ni feki. Hisia ni za kweli, ila bomba limekupa sura yake tu na mlio wa malapa, halijakuambia ni mtu wa aina gani. Muongeleshe mbali na ndoo. Mwombe akusindikize sokoni uone anaongea vipi na muuza nyanya, anakasirika vipi akibanwa kwenye daladala. Na kabla ya yote muulize mke wake yuko wapi, uliza hivyohivyo kavu, maana wanaume wa kupanga chumba kimoja wengine familia iko Lindi inasubiri Desemba.

Shangazi habari za saa hizi. Mimi kijana wa Unguja miaka 31. Mwezi wa saba nilipanda boti kutoka Dar, kusi limechachamaa, boti inapanda inashuka, watu wanatapika kwenye vimfuko, dada wa siti ya pembeni akanishika mkono hakuniachia mpaka tunaingia Malindi. Shangazi nakwambia nilijua huyu ndo mke, usiku sikulala. Wiki mbili baadae tumekutana Forodhani jioni, upepo mwanana, tunakula urojo, hola! Mzuri yuleyule ila moyo umetulia kama nimekaa na binamu. Mapenzi yameenda wapi?
*Wa Botini*

Salama mwanangu. Yamebaki kwenye mkondo.

Huko Kanada, pembeni ya Vancouver, kuna daraja la kamba la Capilano, mita kama 137 kwa urefu, chini yako shimo la mita 70 na mawe, na linacheza. 1974 watafiti Donald Dutton na Arthur Aron walimweka dada mmoja pale, akawa anawasimamisha vijana wa kiume wanaovuka peke yao, wanajaza dodoso na kuandika kihadithi kifupi cha picha, halafu anawapa namba ya simu kama wanataka maelezo zaidi. Wengine aliwafata kwenye daraja la mbao imara, la chini, la kawaida. Wa daraja la kutisha 18 walichukua namba, 9 wakapiga. Wa daraja imara 16 walichukua, wakapiga 2. Dada yuleyule! Na vihadithi vya wale wa juu vilikuwa na mambo mambo ya chumbani, nisiseme sana, gazeti linasomwa na watoto.

Maelezo yao ni kwamba mwili una mapigo ya aina chache, hofu inadunda, mapenzi yanadunda, na ukiinua macho wakati linadunda ukakutana na dada mzuri, akili inamalizia hesabu yenyewe: ni huyu. Kwenye jaribio lao lingine, waliofatwa baada ya kupumzika kama dakika 10 tangu wavuke, wachache ndo walipiga. Wewe ulipumzika wiki mbili, na urojo juu.

Ila usimfute huyo dada haraka. 1981 watafiti wengine waliwakimbiza wanaume palepale waliposimama, hawa dakika 2, hawa sekunde 15, halafu wakawaonyesha video ya mwanamke. Mwanamke akiwa amependezeshwa, waliohema sana ndo walimpenda zaidi. Akiwa amechakazwa kwa makusudi, waliohema sana ndo walimkataa zaidi. Mbio zilikoleza kilichokuwepo tu. Kwa hiyo botini kulikuwa na kitu mwanangu, kidogo, bahari ikakipigia spika. Mkutane tena mara mbili tatu nchi kavu, na safari hii muulize mambo ya maana, sio "umekula?" peke yake. Mkiwa bado binamu muachane kwa salama. Wala usimpandishe boti tena kusi likivuma ili umpate, nakujua.

Shangazi shikamoo. Mume wangu wa miaka 9 hanipigi, hanitukani, hela ya matumizi anaacha. Ila nikimsemesha anajibu "mmh" macho kwenye simu. Mapenzi yameisha au mimi najidekeza?
*Mama K, Mwanza*

Marahaba mama K. Hujidekezi.

John Gottman, mzee wa Seattle anayechunguza ndoa miaka mingi, aliwaangalia maharusi wapya wakiishi tu kwenye chumba cha utafiti, kisha akawatafuta baada ya miaka 6. Hakuhesabu maua wala nani kalipa bili. Alihesabu kitu mimi nakiita hodi ndogondogo: mtu anasema "ona mvua inavyokuja kule ziwani", hiyo sio habari ya mvua, hiyo ni hodi. Waliokuwa bado pamoja walikuwa wameitikiana karibu mara 86 kwa kila 100. Walioachana, 33. Ni hodi hodi hodi, kimya.

"Mmh" sio kimya kabisa, ni mtu anaitikia kutoka uani bila kufungua mlango. Chukua siku moja umwambie wazi, baba K nikikuonyesha kitu inua macho sekunde tano halafu rudi kwenye simu yako, sekunde tano tu sikudai zaidi. Usimwambie Simba na Yanga ikiwa dakika ya 88, hata mimi ningekujibu mmh. Na jikague na wewe, juzi alivyokusimulia ya yule fundi aliyemla hela yake, ulimuuliza ikaishaje au ulisema "pole" ukaenda kugeuza samaki?

Wa Kigoma uliyenitumia sauti WhatsApp ya dakika 11, nimeisikiliza yote, na mtoto anasikika analia nyuma. Hilo sio la gazeti mwanangu, nenda ustawi wa jamii kesho asubuhi, na usiende peke yako.