Kompyuta "hizi" au kompyuta "hawa"?

Mwalimu mmoja wa sekondari, yuko Morogoro, ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Ninawaandalia wanafunzi wa klabu ya sayansi makala fupi kuhusu wanawake wa Marekani waliofanya hesabu kwa mkono wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kabla mashine hazijaichukua kazi hiyo. Wenyewe waliitwa kompyuta. Nikaandika: 'Kompyuta hizi ziliajiriwa na jeshi. Baadaye baadhi yake ziliolewa, nyingine zikaacha kazi.' Darasa zima likaangua kicheko. Nikabadili nikaweka 'kompyuta hawa'. Mwenzangu wa Kiswahili akanirudisha, akasema kompyuta iko ngeli ya I-ZI na haihami. Nani yuko sahihi? Na siwezi kuukwepa mzigo wote huu kwa kusema wakokotozi?"

Marahaba, mwanangu. Walio sahihi ni wanafunzi wako. Hawakusoma kanuni popote, lakini masikio yao yalijua kwamba kinachoolewa hakiwezi kuwa "hizi".

Mwenzako anaijua ngeli ya mashine, na kwa mashine hajakosea. Tatizo ni kwamba upatanisho wa binadamu na wanyama katika Kiswahili hautazami umbo la neno, unatazama anayetajwa. Daktari, askari, dereva na karani hayana m- wala wa-, lakini tunasema daktari huyu, askari wale. Kiongozi, kinyozi na kipofu yamevaa ki- mbele, na hatusemi kinyozi hiki kimeninyoa vibaya. Kwa hiyo kompyuta likiwa jina la kazi ya mtu linaingia foleni moja na karani: kompyuta huyu, kompyuta hawa, kompyuta wa jeshi, kompyuta aliyeajiriwa. Hata kimilikishi kinafuata mkondo huo. Edward Pickering wa chuo cha Harvard, aliyeajiri wanawake wengi kuhesabu na kupanga nyota, alikuwa na "kompyuta wake" kama kamanda alivyo na askari wake. Mmojawapo, Williamina Fleming, alikuwa mtumishi wa ndani nyumbani kwa Pickering kabla ya kuingia kwenye kazi ya nyota.

Jambo hili si geni kwetu. Nyumbani Tanga shangazi yangu alikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukalia, yenye ulimi wa chuma wenye meno. Siku moja alimwambia mgeni wetu kutoka bara, "Niletee mbuzi." Kijana akatoka mbio kuelekea bandani. Laiti shangazi angesema "ilete", au "mbuzi ile", asingepata usumbufu. Neno ni moja, lakini "mbuzi huyu" analia na "mbuzi hii" inakuna. Sasa geuza: kwa mbuzi, kiumbe alikipa kifaa jina lake. Kwa kompyuta vilevile. Jina lilianza kwa mtu, mashine ikalirithi.

Hapo ndipo makala yako ina utamu kuliko unavyodhani. Neno hilo la Kiingereza lilikuwa jina la kazi tangu karne ya 17. Kazi yenyewe ilifanywa na wanawake kwingine pia. Mwaka 1757 huko Paris, Nicole-Reine Lepaute alikaa miezi mezani pamoja na Lalande na Clairaut, wataalamu wa nyota na hesabu, wakikokotoa lini nyota yenye mkia ya Halley ingerudi. Walitabiri katikati ya Aprili 1759, ikafika karibu na jua Machi 13, wakakosea kwa mwezi mmoja hivi tu. Wakati wa vita uliyoitaja, chuo kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia, kilikuwa na vyumba vya wanawake waliokokotoa njia ya kombora la mzinga, tarakimu baada ya tarakimu, ili jeshi lipate majedwali ya kufyatulia. Njia moja tu ilimchukua mtu mmoja mwenye mashine ya mezani zaidi ya saa 20. Ndiyo maana jeshi likagharimia mashine ya kielektroniki ya kukokotoa iliyoitwa ENIAC, na herufi ya mwisho ya jina hilo, C, ni kompyuta: cheo cha walio mezani kikahamia ukutani, kwenye makabati ya chuma.

Lakini sababu yangu ya kushikilia "hawa" haiishii kwenye sarufi. Kiswahili kina njia moja ya zamani ya kumdharau mtu: kumtoa kwenye ngeli ya A-WA. "Kijitu hiki kinanisumbua." "Jitu lile limekuja tena." Hakuna tusi lililotamkwa, lakini kila mtu amelisikia. Ukiandika "kompyuta hizi" kuhusu wanawake, umewafanyia hivyohivyo bila kukusudia. Na enzi zao walikuwapo waliofanya makusudi. Kazi ya kukokotoa ilipata hata kipimo cha mzaha, "kilo-msichana", kana kwamba wanawake ni magunia ya mkaa yanayopimwa kwa elfu.

Mfano mzito zaidi unatoka Langley, jimbo la Virginia, kwenye maabara ya mambo ya anga. Kompyuta wanawake walianza hapo mwaka 1935, na kuanzia 1943 wakaajiriwa wanawake weusi, wakatengwa kwenye ofisi yao ya upande wa magharibi. Kwenye bwalo la chakula meza yao iliwekewa kibao kilichosema, kwa tafsiri yangu, "Kompyuta weusi". Miriam Mann, mmoja wao, alikuwa akikichukua kibao hicho na kukitia mkobani. Kikirudishwa, anakichukua tena, mpaka wakachoka kukirudisha. Sasa jaribu kukitafsiri kwa kanuni ya mwenzako: "Kompyuta nyeusi". Utakuwa umeandika tangazo la duka la vifaa vya ofisi.

Kwenye historia hiyohiyo kuna sentensi ambayo Kiingereza huhangaika nayo, na Kiswahili kinaimaliza kwa silabi mbili. Mwaka 1962, kabla ya John Glenn kurushwa kuizunguka dunia, mashine ya IBM ilikuwa imeshatoa hesabu za njia yake. Glenn akataka Katherine Johnson, aliyeanza kazi Langley kama mmoja wa kompyuta hao, azirudie kwa mkono. Akazirudia, zikalingana. Andika hivi: "Kompyuta huyu aliikagua kompyuta ile." Msomaji hawezi kupotea, wala huhitaji kuongeza "ya binadamu" na "ya mashine".

Sasa wakokotozi. Ni neno zuri na limeundwa kihalali: komboa hutoa mkombozi, tatua hutoa mtatuzi, kokotoa hutoa mkokotozi. Kifaa kinapata ki- na -o, kikokotoo, kama kizibuo. Wapo wanaopenda kikokotozi, nalo si kosa, ila linafanana mno na kinyozi na kiongozi, hivyo usiache kulitilia "hiki". (Tanzania nako kikokotoo kina uzito wake: litaje mbele ya mstaafu uone anavyokunja uso, maana atafikiri unazungumzia pensheni.) Ningekushauri utumie mkokotozi, lakini usianze nalo. Ukisema wakokotozi tangu mwanzo hadi mwisho, mwanafunzi hatajua kamwe kwamba kitu kilicho mezani kwa mkuu wa shule kimerithi cheo cha mtu. Anza na kompyuta, eleza mara moja, kisha endelea na wakokotozi. Wanaoandika tarakilishi hawana bahati hii, kwa kuwa neno hilo lilizaliwa likiwa la mashine tu.

Hukuuliza, ila nimeona mambo mawili kwenye rasimu uliyoambatisha. Umeandika "akina mama wa ENIAC". Kwenye mkutano wa kijiji "akina mama" ni heshima. Hapa linawageuza kikundi cha kuweka na kukopa. Wengi wao walikuwa na miaka ishirini na kitu. Nyaraka za wakati huo ziliwaita wasichana, nawe ukizinukuu acha wasichana, lakini kwa kauli yako sema wanawake, au bora zaidi wataje: Kathleen McNulty, Betty Jean Jennings, Elizabeth Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Na kwa kuwa "a-" yetu haimbagui mwanamke na mwanamume, sema waziwazi mwanzoni kwamba ni wanawake. Usipofanya hivyo, nusu ya darasa itawaona wanaume wenye tai.

La pili ni kitenzi. Umesema "waliandika programu za ENIAC". Kwa Ada Lovelace, yule Mwingereza wa karne ya 19, sina ugomvi na "kuandika": mwaka 1843 alichapisha hatua za kukokotoa namba za Bernoulli kwa mashine ya kukokotoa aliyoibuni Charles Babbage, ambayo haikukamilika kujengwa, kwa hiyo kalamu na karatasi ndivyo vilivyokuwapo. ENIAC haikuandikiwa. Wanawake hao sita mwanzoni hawakuruhusiwa hata kuingia chumbani ilimokuwa, kwa sababu ya usiri wa kijeshi. Walipewa michoro ya nyaya zake, wakajifunza kutoka humo mashine inafikiri vipi, kisha ndipo wakaingia kuchomeka nyaya na kugeuza swichi, tatizo moja baada ya jingine. Kitenzi chako kiwe "kupanga": waliipanga mashine. Picha zao zilichapishwa, majina hayakutajwa, na miaka mingi baadaye mtafiti Kathy Kleiman alipouliza hawa ni nani, alijibiwa kuwa ni warembo waliowekwa kupamba picha, kama wale wa matangazo ya friji.

Basi sentensi yako iliyochekwa ningeiandika hivi: "Wanawake hawa waliajiriwa na jeshi wakiitwa kompyuta, na sita kati ya kompyuta hao wakateuliwa kuipanga ENIAC. Baadaye wengine waliolewa, wengine waliacha kazi, wengine waliendelea. Kompyuta yenyewe ilizimwa Oktoba 2, 1955."