Kompyuta mpakato ya zamani ikichemka, fungua uangalie nyuma ya feni

Huku Tabora mvua zikishakatika ni vumbi tupu, na ikifika Oktoba joto nalo linapanda. Mimi nachapa na kuprinti kazi za watu, na mashine zangu zote ni za mtumba, kwa hiyo kila kiangazi lazima nizifungue. Wateja nao huniletea za kwao na malalamiko yaleyale: inaunguruma, inakuwa nzito, halafu inazima yenyewe.

Kuzima huko ni kujilinda. Prosesa, yaani kile kipande kinachofanya kazi zote za hesabu ndani ya kompyuta, nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguza kasi, na joto likizidi kupanda mashine inakata. Kwa hiyo fundi akikuambia dawa ni kuweka Windows upya, muulize kwanza kama ameiangalia feni. Windows mpya haitoi vumbi.

Anza na mepesi. Itoe kitandani uiweke mezani, maana nyingi huvuta hewa kwa chini na blanketi linaziba. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone ni programu gani inayoitumikisha prosesa. Kama hakuna programu inayoitumikisha na bado feni inapiga kelele, tatizo liko ndani.

Wengi hupuliza kwa nje tu kwenye matundu wakaridhika. Vumbi la juu litatoka, lakini lile baya limekaa kati ya feni na yale mapezi membamba ya chuma yanayotoa joto, limegandamana kama sufi ya mto. Halitoki mpaka uzime mashine, uchomoe chaja, ufungue mfuniko wa chini, uchomoe waya wa betri, kisha uifungue feni na kuinyanyua. Hapo utaliona: utepe wa kijivu uliofuata urefu wa mapezi, unaushika kwa kibano unatoka mzimamzima. Mabaki nayafagia kwa brashi laini ya rangi, kavu. Nikipuliza feni naizuia kwa kidole isizunguke, kwa sababu ikizungushwa kwa kasi kupita kiasi beringi zinaharibika.

Ukikuta betri imevimba, acha kila kitu. Usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena; itolewe na fundi anayezijua.

Pesti, ile krimu ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na bomba la shaba linalopeleka joto kwenye mapezi, hukauka kadiri miaka inavyokwenda. Ukishalinyanyua bomba, usilirudishe na pesti ileile: futa kwa spiriti, weka tone dogo la mpya, kaza skrubu kidogokidogo kwa kupokezana.

Ikiwa bado inapata moto kuliko unavyotaka, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, ushushe kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Kwenye mashine nyingi za Intel hatua hiyo huzima ile kasi ya ziada ambayo prosesa hujiongezea yenyewe, na joto linashuka. Kwa kuchapa barua na maombi ya kazi, tofauti ya mwendo huioni.