Rangi Iwe ya Mwisho: Nilivyofufua Trekta Dogo la Bustani

Trekta langu la kwanza la bustani mpaka leo limo ndani ya ndoo tatu. Nililifungua lote kwa siku mbili, nikiwa na furaha ya mtoto aliyepewa bisibisi, boliti nikazitupia humo bila mpango, fremu nikaipiga msasa na kuipaka rangi ikapendeza kweli. Kisha nikakaa chini kutafuta boliti ipi inaingia wapi. Fremu inang'aa, trekta hakuna.

Nasimulia la pili, maana wanaoniomba ushauri karibu wote swali lao la kwanza ni rangi.

Lilikuwa Cub Cadet 102, toleo la katikati ya miaka ya 1960 kutoka International Harvester ya Marekani. Injini yake ni Kohler K241 ya silinda moja, nguvu za farasi 10, chuma kizito kitupu. Nguvu inafika kwenye gia kwa shafti, si kwa mkanda, na gia zenyewe zina undugu na zile za trekta la shambani la Farmall Cub. Ndiyo maana matrekta ya aina hii unaweza kukuta bati limeoza, viti vimekwisha, lakini gia nzima.

Kabla hujatoa pesa, muulize mwenye nalo jambo moja: liliegeshwa kwa nini? Mzee aliyeniuzia alinijibu, "Lilikuwa likitembea vizuri tu, mwanangu. Betri ilikufa, na mimi nikachoka." Jibu hilo lilinitosha. Lililoegeshwa kwa ajili ya betri litakuwa na kutu, na kutu inatoka. Ukiambiwa "lilianza kugonga gonga", jiandae kufungua injini yote.

Langu lilikuwa limekwama kwa kutu, flaiwili (lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini) haizunguki hata kidogo. Hapa ndipo watu wengi wanaua injini. Wanapiga pistoni nyundo, au wanafunga betri mpya na kulazimisha stata mpaka inatoa moshi. Mimi nilitoa plagi, nikamimina ndani ya silinda mchanganyiko wa asetoni na oili ya giaboksi otomatiki, nusu kwa nusu (nje kwenye hewa, mbali na moto, maana asetoni inashika haraka). Kila jioni naongeza kidogo, naweka spana ndefu kwenye nati ya flaiwili, navuta kwa upole upande wa kukaza, naacha, naenda zangu. Siku saba hakuna kitu. Siku ya nane nikahisi spana imelegea mkononi. Nilidhani nati ndiyo imeteleza. Kutazama, flaiwili imesogea upana wa ukucha. Nikarudisha nyuma upana huohuo, mbele tena, nyuma tena, na kufikia usiku ilikuwa imezunguka duara zima, ikitoa maji ya kahawia kwenye tundu la plagi. Ukifika hapo mwaga oili yote ya injini, kwa sababu ule mchanganyiko umeshapenya kwenye ringi, zile pete zinazozunguka pistoni, na kushuka chini.

Sasa usifungue kitu kingine. Fanya injini iwake kwanza, hata trekta likiwa bado bovu la kutazama.

Pointi za injini hii, yaani vile vibati viwili vinavyofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche, ziko nje, ubavuni, chini ya kifuniko kidogo, kwa hiyo huna haja ya kuhangaika na flaiwili. Zikikaa miaka zinaota utando wa kijivu ambao umeme haupiti. Zisugue kwa msasa laini kabisa, zifute kwa karatasi safi, kisha pima nafasi yake: inchi 0.020, kama nusu milimita, zikiwa zimefunguka hadi mwisho. Mimi nilipata cheche palepale. Kabureta ilikuwa na gundi ya petroli iliyooza, ile yenye harufu ya vanishi, nikaifungua na kuisafisha kila tundu. Mipira ya kupitishia petroli itupe, hata kama inaonekana mizima. Petroli ya siku hizi yenye ethanoli inaila mipira ya zamani kwa ndani.

Oili usiifanyie mzaha. Injini hizi hazina pampu ya oili. Kuna kijiko kidogo chini ya konrodi (mkono unaoshika pistoni) kinachochota oili na kuirusha huku na huku kila pistoni inaposhuka. Oili ikipungua, kijiko kinachota hewa, na hakuna taa itakayokuonya. Nilijaza mpya ya SAE 30 mpaka alama ya juu, nikawasha. Iliwaka mara ya nne, ikakohoa moshi mweupe, ikatulia. Dakika kumi hizo za kusikiliza zilinionyesha mengi: moshi ulipungua, kwa hiyo ringi zinafaa, oili ilivuja mbele, kwa hiyo sili (kizibo cha kuzuia oili) ya kubadilisha ninaijua. Aliyetangulia kupaka rangi angeyagundua haya huku oili inatiririka juu ya rangi mpya.

Baada ya hapo ndipo nikafungua, sehemu moja kwa wakati. Piga picha kabla ya kila hatua, na ukishatoa kifaa, rudisha boliti zake kwenye matundu yake mwenyewe. Kitabia hiki kingeokoa zile ndoo tatu. Boliti iliyoshika kutu, ikaze kidogo kwanza ndipo uilegeze. Nilisahau mara mbili, nikazikata mbili.

Vipande vya chuma vyenye kutu nilivitumbukiza kwenye pipa la plastiki lenye maji na soda ya kufulia, chaja ya betri ya volti 12 ikipitisha umeme ili kutu ing'oke. Hasi kwenye kifaa, chanya kwenye chuma chakavu. Ukigeuza, kifaa chako ndicho kitakacholiwa. Mimi nilishtuka baada ya nusu saa na brakati moja ilikuwa imeanza kutoboka. Usitumie chuma cha pua, kinaweza kutoa sumu ya kromiamu majini, usitie alumini, na fanya kazi hiyo nje kwa sababu inatoa gesi ya haidrojeni.

Haya, rangi. Rangi za umri huo zinaweza kuwa na risasi ndani yake, kwa hiyo msasa uwe wa maji, barakoa usoni, na watoto wakae mbali. Breki za zamani nazo zinaweza kuwa na asbesto. Vumbi lake usilipulize kwa upepo, lifute kwa kitambaa kibichi. Mimi nilipaka fremu na rimu tu. Boneti niliiacha na njano yake iliyopauka, nikaiosha na kuipiga nta. Fremu niliiacha ikauke wiki nzima kabla ya kufunga chochote, kwa sababu rangi iliyokauka juujuu hung'olewa na washa, kile kipete cha chini ya boliti, mara unapokaza.